"Haikupatikana": Utatuzi wa Matatizo ya Kutafuta Rasilimali katika Programu-jalizi ya vagrant-vsphere

Mwongozo huu umetokana na malalamiko yale yale yanayorudi kila muhula kutoka kwenye maabara mbili za kompyuta, moja ikiwa Arusha upande wa Njiro na nyingine Moshi, ambazo mashine pepe zake zote huundwa kupitia vCenter moja (programu ya VMware inayosimamia seva na mashine pepe) iliyopo Arusha. Wanafunzi na wakufunzi huandika `vagrant up`, amri ya Vagrant ya kuunda na kuwasha mashine, programu-jalizi ya vagrant-vsphere inayoiunganisha Vagrant na vCenter inaanza kazi, halafu inasimama na kusema kwamba kitu fulani hakikupatikana. Nimepanga dalili hapa kwa namna zinavyoripotiwa, na chini ya kila dalili nimetanguliza chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi.

Ni vyema kuelewa kwanza jinsi utafutaji unavyofanyika, kwa kuwa nusu ya ufumbuzi imo humo. Programu-jalizi haina orodha yake yenyewe ya violezo (mashine za msingi zinazonakiliwa kuunda mpya) wala seva. Kila inapoitwa, huingia vCenter kwa akaunti uliyoiandika kwenye Vagrantfile (faili ya mipangilio ya Vagrant), husimama kwenye mzizi wa mti wa vCenter, kisha hushuka: inatafuta kituo cha data, halafu klasta (kundi la seva) au seva, halafu fungu la rasilimali (mgao wa kichakataji na kumbukumbu), kiolezo, hifadhi na mtandao. Ikikwama popote, jibu ni moja tu, kwamba kitu hakikupatikana. Jibu hilo hubeba maana tatu tofauti: kitu hakipo kwa jina hilo, au kipo, lakini si mahali ulipoelekeza, au kipo hapo hapo, ila akaunti yako haina ruhusa ya kukiona. vCenter haimwambii mgeni kwamba kuna chumba asichoruhusiwa kuingia; humwonyesha ukuta tu.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza katika kila dalili hapa chini ni moja, nayo ni kuangalia mti kwa macho ya akaunti ile ile inayotumiwa na programu-jalizi. Usiangalie kwa akaunti yako ya msimamizi, kwani hiyo huona kila kitu na itakudanganya. Chombo rahisi kwa kazi hii ni govc, programu ya mstari wa amri inayozungumza na vCenter. Weka anwani, jina na nenosiri katika `GOVC_URL`, `GOVC_USERNAME` na `GOVC_PASSWORD`, na kama cheti cha vCenter ni cha kujitengenezea, weka pia `GOVC_INSECURE=1`. Kisha endesha:

```
govc ls /
govc find / -type m -name '*ubuntu*'
```

Amri ya kwanza huonyesha vituo vya data vinavyoonekana kwa akaunti hiyo, na ya pili huonyesha mashine na violezo pamoja na njia zake kamili. Jina lisipotokea hapa, hakuna utakachobadilisha kwenye Vagrantfile kikasaidia.

Onyo dogo kabla ya kuendelea: usikisie nenosiri. Kwa mipangilio ya awali ya vCenter, akaunti ya ndani ikikosea mara 5 ndani ya sekunde 180 hufungwa kwa sekunde 300, na darasa zima linalotumia akaunti moja ya huduma hufungiwa nje pamoja nawe.

Dalili ya 1: Kiolezo hakipatikani, ingawa kinaonekana kwenye skrini

Hii ndiyo dalili inayoongoza, tena kwa mbali.

Chanzo cha kwanza ni njia isiyokamilika. Thamani ya `template_name` si jina tupu. Ni njia nzima ya folda kuanzia ndani ya tawi la mashine pepe la kituo cha data. Kiolezo kilichomo kwenye folda ya Violezo, ndani ya folda ya Linux, huandikwa `Violezo/Linux/ubuntu-msingi`. Hapa wengi hujikwaa kwa namna ya kinyume: wananakili njia yote iliyotolewa na govc, kwa mfano `/Moshi/vm/Violezo/Linux/ubuntu-msingi`, na kuibandika kama ilivyo. Sehemu ya `/Moshi/vm/` haitakiwi. Kila kituo cha data kina folda nne za mzizi, yaani `vm`, `host`, `datastore` na `network`, ambazo ukurasa wa kawaida wa vCenter hauzionyeshi lakini govc huzitaja. Programu-jalizi inajua yenyewe kuingia kwenye `vm`, kwa hiyo ukiitaja tena itaanza kutafuta folda nyingine yenye jina hilo ndani yake na isiione.

Chanzo cha pili ni herufi. Andika majina ukichukulia kwamba herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, na usitegemee kusamehewa. Lakini kuna kosa la herufi ambalo jicho haliwezi kulinasa, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu lilinipotezea mchana mzima. Mwanafunzi mmoja wa Moshi alinipigia simu akisema, "Kaka, kiolezo kipo, nakiona hapa, na jina nimelinakili, sikuliandika kwa mkono." Kiolezo chenyewe kiliitwa `Kiolezo - Ubuntu 22.04`. Tukasomeana jina kwa simu, herufi kwa herufi, na yote yakalingana. Hatimaye nilimwomba aendeshe `hexdump -C Vagrantfile` na anisomee namba zilizo katikati ya jina. Mahali ambapo kistari cha kawaida kingetoa `2d`, yeye alisoma `e2 80 93`. Jina alikuwa amelinakili kutoka kwenye kitini cha mafunzo kilichochapwa kwa Word, na Word, kwa uungwana wake, ilikuwa imebadilisha kistari chenye nafasi pande zote mbili kuwa kistari kirefu zaidi kidogo. Tangu siku hiyo vitini vyetu havina tena majina ya violezo yenye nafasi ndani yake, na jina linanakiliwa kutoka kwenye tokeo la govc peke yake.

Chanzo cha tatu huonekana zaidi mwanzoni mwa mwaka wa masomo: mkwaju (`/`) ndani ya jina. Mtu anaita folda `Darasa 2023/24`, vCenter inakubali na kuionyesha hivyo hivyo, lakini ndani huihifadhi kama `Darasa 2023%2f24`, kwa kuwa mkwaju ndio unaotenganisha ngazi za njia. Ukiandika mkwaju wa kawaida kwenye Vagrantfile, programu-jalizi itadhani unamaanisha folda `24` iliyomo ndani ya folda `Darasa 2023`. Andika `%2f`. Alama ya asilimia ikiwa sehemu ya jina huhifadhiwa kama `%25`, na mkwaju wa kinyume kama `%5c`. Ushauri wangu ni kubadilisha jina la folda mara moja na kuepukana na jambo hili.

Chanzo cha nne ni ruhusa, na hapa ndipo mtihani wa govc unapojilipa. Ikiwa msimamizi anakiona kiolezo na akaunti ya huduma haikioni, usibadilishe tena njia wala jina. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba mwonekano wa seva na klasta na mwonekano wa mashine na violezo ni matawi mawili tofauti ya mti. Ruhusa uliyoitoa kwenye klasta haishuki hadi kwenye folda ya violezo, hata kama ulitia alama ya kuirithisha kwa vilivyo chini. Hifadhi na mitandao nayo ina matawi yake. Njia safi ni kutoa jukumu kwenye kituo cha data chenyewe na kulirithisha, ili lishuke kwenye matawi yote manne. Njia ya tahadhari zaidi ni kulitoa kwenye kila folda inayohusika. Angalia pia kama kuna ruhusa iliyowekwa moja kwa moja kwenye kitu cha chini kwa akaunti hiyo hiyo, maana hiyo hufunika ile iliyorithiwa kutoka juu.

Tofautisha hali hii na ujumbe unaosema waziwazi kwamba ruhusa haitoshi, ule wenye neno `NoPermission`. Huo maana yake ni kwamba akaunti inakiona kitu lakini haina haki ya kukitenda jambo, kwa mfano kukinakili, kutumia nafasi ya hifadhi, au kuunganisha mashine na mtandao. Hapo utafutaji umefaulu, na tatizo limehamia kwenye jukumu lenyewe.

Simama hapa na umwite msimamizi wa vCenter ikiwa mfumo unahudumia pia ofisi, si maabara peke yake. Kuipa akaunti ya wanafunzi ruhusa kwenye kituo kizima cha data ili amri moja ipite ni kuwapa pia uwezo wa kugusa mashine za mishahara.

Dalili ya 2: Kituo cha data hakipatikani, au kinapatikana kisicho chenyewe

Mara nyingi zaidi tatizo si kukosa kituo bali kupata kingine. Usipoandika `data_center_name`, programu-jalizi huchukua kituo cha kwanza inachokutana nacho. Ukiwa na kituo kimoja hutagundua kamwe. Siku mlipoongeza cha pili, mambo yanaharibika bila mtu kugusa Vagrantfile. Sisi tuna viwili, `Arusha` na `Moshi`, na faili za zamani zilizoandikwa kabla ya Moshi kuongezwa hutafuta kiolezo cha Moshi ndani ya Arusha kisha hulalamikia kiolezo, jambo linalompeleka msomaji kwenye dalili ya 1 bila sababu. Andika jina la kituo daima, hata kama ni kimoja.

Ikiwa umeliandika na bado unapelekwa kwingine, au hukuliandika lakini kuna thamani inayotumika, tazama faili ya `~/.vagrant.d/Vagrantfile`. Vagrant husoma kwanza mipangilio ya boksi (kifurushi cha msingi cha mashine), kisha faili hiyo ya nyumbani, kisha ile ya mradi, kisha mipangilio ya kila mashine na ya mtoa huduma (hapa ni vsphere). Kinachosomwa baadaye hufunika kilichotangulia, na kisichotajwa baadaye hubaki kama kilivyokuwa. Kompyuta zinazorithiwa kutoka kwa mkufunzi hadi mkufunzi huwa na faili hizi zilizosahaulika.

Kituo kilichowekwa ndani ya folda huhitaji njia, kwa mfano `Kaskazini/Moshi`.

Na kama `govc ls /` inakuonyesha kituo kimoja tu kinachoitwa `ha-datacenter`, hujaingia vCenter kabisa. Umeingia moja kwa moja kwenye seva ya ESXi, yaani mojawapo ya seva zinazoendesha mashine pepe zenyewe. Badilisha anwani. Usijaribu kulazimisha kazi iendelee hapo, kwa sababu ESXi iliyo peke yake haitoi huduma ya kunakili kiolezo ambayo programu-jalizi inaitegemea.

Dalili ya 3: Klasta au fungu la rasilimali halipatikani

`compute_resource_name` hutaka jina la klasta, au la seva ikiwa haimo kwenye klasta. Kosa la kawaida ni kutaja seva iliyo ndani ya klasta. Katika ngazi hiyo ya mti seva hiyo haionekani, kilichopo ni klasta inayoimiliki. Seva isiyo na klasta nayo huandikwa kama ilivyosajiliwa: iliyosajiliwa kwa anwani ya namba haitafutiki kwa jina lake la mtandao, na kinyume chake.

Kwa fungu la rasilimali, fahamu kwamba kila klasta ina fungu la mzizi ambalo jina lake la ndani ni `Resources`. govc hulitaja kwenye njia, kama katika `/Moshi/host/Klasta-A/Resources/Mafunzo`, lakini kwenye `resource_pool_name` unaandika `Mafunzo` tu. Usipoandika chochote wakati unanakili kutoka kwenye kiolezo, fungu la mzizi ndilo litakalotumika, na hiyo ni njia nzuri ya kujaribu: ondoa mstari huo kwa muda, na mashine ikiundwa utajua kosa limo kwenye fungu wala si kwenye klasta. Fungu lililowekwa ndani ya fungu jingine halipatikani kwa jina tupu. Kwa maabara ni rahisi zaidi kulipandisha likawa chini ya mzizi.

Wakati mwingine hupati sentensi inayosomeka bali mstari wenye `undefined method` na neno `nil`. Usiogope; ni Ruby, lugha iliyoandikiwa programu-jalizi, inayosema kwamba utafutaji ulirudi mikono mitupu na programu ikaendelea kana kwamba ilipata kitu. Endesha `VAGRANT_LOG=debug vagrant up` na usome hatua ya mwisho iliyofanikiwa kabla ya mstari huo; kilichofuata ndicho kilichokosekana. Kabla ya kumtumia mtu mwingine logi hiyo, ipitie na uondoe jina la akaunti na nenosiri.

Dalili ya 4: Hifadhi au mtandao haupatikani

Hii ni fupi. Kwa hifadhi, hakikisha jina ni la hifadhi moja. Ikiwa hifadhi kadhaa zimeunganishwa kuwa kundi, unataja kundi, na katika hali hiyo usitumie `linked_clone` (nakala inayotegemea diski ya kiolezo) kwa kuwa hivyo viwili havipatani. Kwa mtandao, thamani ya `vlan` ni jina la kundi la milango (port group) kama lilivyo kwenye vCenter, si namba ya VLAN (mtandao pepe). Nimeona `vlan = '20'` mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Dalili ya 5: Jana ilifanya kazi, leo hakuna kinachopatikana

Uliza kwanza kama umeme ulikatika usiku. Kwetu jibu ni ndiyo mara nyingi kiasi kwamba naliuliza kabla ya salamu kumalizika. Seva zikizima kwa ghafla na kurudi kwa mpangilio usiofaa, vCenter huweza kuamka kabla ya kabati la diski, au kuchukua dakika nyingi kabla huduma zake zote hazijasimama. Ukiingia katika kipindi hicho utaona vituo vya data lakini violezo vitakuwa vya kijivu, au seva zitaonyeshwa kuwa zimekatika. Subiri, kunywa chai. Dakika kumi na tano si nyingi.

Baada ya hapo angalia seva moja moja. Kiolezo, hata kama faili zake zimo kwenye hifadhi inayotumiwa na seva zote, husajiliwa kwenye seva moja. Seva hiyo ikiwa bado imezimwa, kiolezo hakitumiki ijapokuwa seva nyingine tatu zinaiona hifadhi yake vizuri. Iwashe, uiunganishe tena na vCenter, ujaribu upya. Usikimbilie kukiondoa kiolezo kwenye orodha na kukisajili tena mahali pengine. Ukifanya hivyo kinapata utambulisho mpya, na kama kulikuwa na ruhusa zilizowekwa juu yake moja kwa moja, zinapotea.

Ikiwa seva zote zimerudi lakini hifadhi haipo, simama. Kagua tu kama kabati la diski limewashwa na nyaya zake zimekaa. Usifungue kipengele cha kuunda hifadhi mpya "ili uone kama diski ipo". Pale vCenter inapoiona diski ambayo tayari ina hifadhi ndani yake, hutoa machaguo matatu: kubakiza saini iliyopo, kutoa saini mpya, au kuiumbiza diski. La tatu hufuta kila kitu, nalo liko umbali wa mbofyo mmoja kutoka kwenye yale mawili mengine. Hii ni kazi ya mtaalamu wa hifadhi, akiwa ana nakala rudufu mkononi, hata kama itabidi asafiri kutoka Moshi na darasa liahirishwe.

Dalili ya 6: Vagrant haiioni mashine yangu, au inaona ya mwenzangu

Mashine ikishaundwa, Vagrant haiitafuti tena kwa jina. Huitafuta kwa utambulisho mrefu uliohifadhiwa kwenye faili ya `.vagrant/machines/default/vsphere/id`, ambapo `default` ni jina la mashine ndani ya Vagrantfile.

Chanzo cha kwanza, basi, ni kukosekana kwa folda ya `.vagrant`. Ukihamia kompyuta nyingine ukachukua Vagrantfile peke yake, Vagrant itasema mashine haijaundwa, na `vagrant up` itagonga jina ambalo tayari limetumika, kwa ujumbe wenye `DuplicateName`. Rudisha folda kutoka kwenye kompyuta ya awali. Usiifute mashine ya zamani kwenye vCenter kabla hujajua ni ya nani na ina nini ndani.

Chanzo cha pili ni kinyume chake, nacho ndicho chenye madhara. Katika maabara, mwanafunzi mmoja humpa mwenzake mradi wote kwa flashi, pamoja na `.vagrant` iliyofichika. Sasa watu wawili wanashika mashine moja wakidhani kila mmoja ana yake, hadi mmoja atakapoandika `vagrant destroy` na kazi ya mwenzake ikatoweka nayo. Unapopokea mradi wa mtu mwingine, linganisha utambulisho kwa `govc vm.info -vm.uuid` ukifuatiwa na yaliyomo kwenye faili ya `id`. Tokeo likikuonyesha jina la mashine isiyo yako, futa folda ya `.vagrant` kwenye nakala yako wewe, kisha anza upya kwa jina jipya.

Chanzo cha tatu ni adimu: mashine mbili zenye utambulisho mmoja, kwa kawaida baada ya mtu kunakili faili za mashine kwa mkono na kujibu, alipoulizwa, kwamba ameihamisha badala ya kwamba ameinakili. Utafutaji kwa utambulisho hapo hurudisha moja kati ya hizo mbili, na huwezi kuchagua ipi. Usiandike `destroy`, `halt` wala `reload` katika hali hiyo. Mpigie msimamizi, mwambie majina ya mashine zote mbili, na uache madirisha yakiwa wazi kama yalivyo hadi atakapofika.